Biblia mkono mmoja, taarifa ya habari mkono mwingine: tuliyojifunza huku Kigoma

Watu wa mikoa mingine wakisikia vita Congo au Burundi wanasikia kama habari ya mbali, sisi wa Kigoma hatuna hiyo nafasi. Mabomu yakilia ng'ambo ya ziwa haipiti muda unaona boti zinashusha watu, mama ana mtoto mgongoni na godoro kichwani, na wanaongea Kirundi ambacho Muha yeyote anakielewa bila mkalimani. Kwaiyo habari huku zinakuja na miguu yake. Na kwa sababu sisi ni watu wa dini, makanisa mengi, misikiti mingi, likitokea jambo swali la kwanza mtu anakuuliza siyo nani kaanza, anakuuliza hii imeandikwa wapi.

Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi, na jioni moja ya kila wiki nasimamia kikundi cha kusoma Neno mtaani kwetu, wapo wavuvi, wamama wa sokoni, mwalimu mstaafu, vijana wa bodaboda, na wapendwa kadhaa waliotoka Congo. Hiki kikundi kina miaka. Nimeona mengi humo na naandika kwa sababu sasa hivi naona vijana wengi wanasoma Biblia kwa kuchungulia tu, mtu anapata klipu ya vita, anatafuta mstari unaofanana, anasambaza kwenye magrupu, na huo mstari unamwacha na hofu tu, hakuna kingine alichopata.

Chukulia 2020. Mwaka ule ulianza na watu wako foleni kusajili laini kwa alama za vidole na tayari maneno yalikua mengi kwamba hiyo ndo chapa ya mnyama ya Ufunuo 13. Mwezi wa tatu corona ikathibitishwa nchini. Kenya nzige wanakula mashamba. Na huku kwetu ziwa likaanza kupanda, siyo kupanda kwa siku mbili likashuka, lilipanda likabaki, nyumba za pembeni kule Katonga na sehemu za Ujiji maji yakaingia ndani, miti ya watu ikawa imesimama majini, Burundi kule Gatumba hali ikawa mbaya zaidi. Yani mtu ukikaa unahesabu unasema nzige ni Yoeli, ugonjwa ni Luka 21, maji ni gharika, bado nini tena. Kwenye kikundi kuna jioni tulishindwa hata kuanza kwa sala kwa sababu kila mtu anaongea.

Mwalimu mstaafu ndo alitutuliza. Akasema kwanza hiyo ya gharika iacheni, someni Mwanzo 9, Mungu mwenyewe aliweka agano kwamba hataiangamiza tena dunia kwa maji. Alafu ya chapa, akasema msiishie sura ya 13, ingieni 14 mstari wa kwanza tu, muone kuna watu wengine nao wameandikwa kwenye vipaji vya nyuso, wameandikwa jina la Mwanakondoo na la Baba yake, kwaiyo habari yote pale ni nani unamwabudu, na Yohana aliwaandikia makanisa ya Efeso na Smirna na Pergamo watu waliokua wanabanwa na Rumi wamsujudie Kaisari. Watu wakanyamaza. Mimi hilo la kusoma sura inayofuata nimelishika mpaka leo, ukiniuliza kitu kimoja cha kumfundisha kijana anayependa unabii ntakwambia ni hicho, soma sura iliyotangulia na inayofuata ndo uje tuongee.

Kuhusu ziwa tulienda kumsikiliza babu mmoja wa Ujiji, Muislamu, mtu mzima sana. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza haya maji babu unayaonaje. Akasema, "Haya maji mimi nayajua. Baada ya zile mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya sitini, tumepata uhuru juzi tu, yalifika juu hivihivi, watu wakahama, baadae yakarudi." Na ni kweli kabisa, ziwa Tanganyika lilipanda sana miaka ile likafika kilele 1964, na nyuma zaidi, enzi zile Stanley alipomkuta Livingstone hapahapa Ujiji 1871, maji yalikua juu kuliko hata sasa, kwa sababu mto Lukuga kule Kalemie, upande wa Congo, ndo mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa hili na wakati ule ulikua umeziba kwa tope na majani, ulikuja kufunguka miaka michache baadae ndo ziwa likashuka. Mito inaingiza, mlango ni mmoja tu, na mvua za kuanzia mwishoni mwa 2019 zilizidi Afrika Mashariki yote.

Kuna watu wakiambiwa hivi wanaona kama unamtoa Mungu kwenye habari. Mimi sioni hivo. Mungu ndiye aliyeumba mvua na Lukuga, kujua maji yanapotokea siyo kumkana. Lakini iko sababu kubwa zaidi iliyonifanya niongee kwa ukali kidogo mwaka ule. Kuna mama mmoja maji yalimtoa kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, vyumba vitatu, bati jipya, na ndugu zake wa karibu wakaanza kumwambia atubu, lazima kuna kitu kwenye hiyo familia, mbona ya jirani haijaguswa. (Ya jirani ilikua juu ya mwinuko, ndo jibu lenyewe.) Alikuja kwangu ana begi na kuku wawili. Nilimfungulia Luka 13, pale watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya aliowaua Pilato, na yeye anawakumbusha nyingine, wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, "mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Na anajibu mwenyewe, sivyo. Alafu anawageuzia walioleta habari kwamba ninyi ndo mtubu. Yule mama aliusoma mwenyewe kwa sauti, akarudia, akaniuliza, dada hii imo kwenye Biblia zote? Nikamwambia zote mama. Ukiacha yale aliyonena msalabani sijui maneno ya Yesu niliyoyaona yanamvua mtu mzigo kwa haraka vile.

Sasa mwaka huohuo alipita mhubiri mmoja mgeni, simtaji, hakua wa kanisa letu, akahubiri uwanjani siku kadhaa kwamba mwaka hauishi kabla ya Bwana kurudi. Alikua anajua kuongea. Kijana mmoja mvuvi wa mtaani kwetu akauza mashine ya boti, sadaka akatoa, yeye akabaki nyumbani anafunga. Mwaka uliisha. Mhubiri alishapanda treni muda mrefu. Kijana alikaa ndani kwa aibu mpaka wazee wa kikundi wakamfuata, wakamtafutia nafasi kwenye chombo cha mwenzao, akaanza tena chini kabisa, kuvuta nyavu.

Tulisoma Yeremia 28 pamoja naye, jioni nzima sura moja. Hanania wa Gibeoni anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anasema ndani ya miaka miwili vyombo vyote vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli, anamvua Yeremia nira ya mti shingoni anaivunja. Ujumbe mtamu. Na Yeremia kwanza anasema amina, Bwana afanye hivyo! Kisha anatoa kipimo, nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake likitokea. Hanania akafa mwaka uleule mwezi wa saba. Na sura ya 29 inayofuata, barua kwa walioko uhamishoni: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, uombeeni amani mji mliomo, maana hii ni miaka 70. Ukifikiria vizuri Hanania alikua mtu wa kusoma matukio ya siku zake, alisoma siasa za Babeli akaona zinafaa maono yake. Tarehe yake ndo ilimuumbua.

Msidhani haya ni mambo ya kuchekacheka. Kanungu kule Uganda, tarehe 17 Machi 2000, watu waliteketea ndani ya kanisa wakiwa wameshaambiwa mwisho wa dunia umefika. Kenya 2023, msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, waliambiwa wafunge mpaka wafe wakakutane na Yesu. Hao walikua wanasoma Biblia ileile ninayosoma mimi. Ndo maana nikisikia mtu ana tarehe mkononi siwezi kukaa kimya, Yesu alishafunga huo mjadala Matendo 1:7, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira."

Ya vita ya Urusi na Ukraine 2022 ntapita haraka. Grupu zote zilijaa Ezekieli 38, Gogu na Magogu, Mesheki na Tubali, ndo Urusi hao sasa. Mwalimu mstaafu akasema askofu Ambrose wa Milano miaka ya 370 na kitu alisema Gogu ni Wagothi, Luther akaja kusema ni Waturuki, kila kizazi Gogu wake ni yule aliyekua anamtisha wakati huo. Na wakati sisi tunabishana mafuta ya kula na petroli bei imepaa, wajane wawili wa kikundi wanapika bila mafuta na hakuna aliyekua ameona.

Lile ambalo lilinigusa mimi binafsi kwenye kazi yangu ni kufungwa kwa ziwa 2024. Nchi zote nne zenye ziwa, sisi na Burundi na Congo na Zambia, tulikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu, huku kwetu ilikua kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Kwa mtu asiyejua Kibirizi ntamwelezea. Usiku usio na mbalamwezi ukisimama ufukweni unaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani mpaka unasema ule ni mji, zamani karabai sasa hivi taa za sola, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri vyombo vinarudi, wamama tunagombania ndoo, jua likitoka dagaa wameshamwagwa kwenye vichanja na mchangani, mpaka saa tisa wamekauka, wanafungwa magunia, wanaenda Tabora, wanaenda Dar, wanaenda Congo. Sasa toa hayo yote kwa miezi mitatu. Mwalo ukawa kimya, wabeba mizigo wakahamia mashambani, dagaa wakavu waliobaki bei ikawa haishikiki.

Mtu akaleta Hosea 4:3 kwenye kikundi, "naam, samaki wa baharini pia wataondolewa," anasema mmeona, imetimia. Nikasema vizuri, tuanze mstari wa kwanza basi. Mstari wa kwanza na wa pili unasema kwa nini samaki wanaondolewa, hakuna kweli, hakuna fadhili, watu wanaapa uongo, wanavunja ahadi, wanaua, wanaiba, wanazini, kwa hiyo nchi itaomboleza. Yani Hosea hatuambii samaki wakipungua hesabu siku zilizobaki, anatuambia mwangalie mnavyoishi. Jioni ile wavuvi wenyewe walianza kuongea bila kuulizwa. Makokoro yanayokwangua mazalia yanavutwa usiku wakati kila mtu anajua yamekatazwa. Nyavu za macho madogo zinazobeba dagaa wachanga na vitoto vya migebuka. Anayekamatwa anatoa kitu kidogo kesho yuko ziwani. Mzee mmoja aliyeanza kuvua tangu kijana akasema migebuka tuliyokua tunaleta zamani ninyi vijana hamjaiona, tumeimaliza sisi wenyewe, hakuna aliyetuletea hilo kutoka mbinguni. Mimi nikaongezea Kumbukumbu la Torati 22, amri ndogo watu wanairuka, ukikuta kiota usichukue mama na makinda pamoja, mama mwache aende, upate kheri na siku zako ziwe nyingi. Mungu alishatunga sheria ya mazalia zamani sana! Kufungwa kwa ziwa mimi sikukuona tena kama hukumu, nilikuona ni kutii kitu tulichokua tumekipuuza, ingawa njaa ilikuwepo na sitaki kuidogosha, kina mama waliokua na akiba kwenye vikoba walivuka na waliokua wanaishi kwa mauzo ya siku walikopa kwa riba ya kuumiza. Hapo serikali na makanisa tungeweza kujipanga mapema, miezi mitatu siyo mingi ukiambiwa kabla, Yusufu aliambiwa miaka saba akaanza kujenga maghala.

Sasa Januari 2025, Goma kule Congo imeanguka mikononi mwa waasi wa M23, mwezi uliofuata Bukavu. Jioni ile ya kikundi watu walikuja mapema na tayari mjadala umeshapamba, taifa kuondoka kupigana na taifa, Mathayo 24, simu zinapita mkono kwa mkono zinaonyesha klipu. Kwenye kona alikua amekaa mama mmoja mwenzetu aliyetoka Uvira, Congo, miaka mingi, anauza vitenge. Anapiga simu, haipatikani, anapiga tena, skrini imepasuka pembeni na yeye anaifuta kwa kidole gumba kila akimaliza kupiga. Baadae akaongea kwa Kiswahili chao, "Bandugu, mimi siombi kujua mwisho wa dunia. Muniombee batoto ba dada yangu, bako Bukavu." Akataja majina yao, mmoja mmoja.

Tuliomba. Alafu nikasema Mathayo 24 tuisome yote tusiishie mstari wa nane, na tukimaliza tusifunge kitabu. Maana wengi hawajagundua kwamba 24 na 25 ni maongezi mamoja, Yesu amekaa mlima wa Mizeituni, hajanyanyuka. Wanafunzi wanauliza, "mambo hayo yatakuwa lini?" Yeye anawaambia vita mtasikia, msitishwe, ule mwisho bado, anawaonya juu ya manabii wa uongo, anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Alafu anaingia kwenye mtumwa mwaminifu anayewapa wenzake chakula kwa wakati wake, wanawali na mafuta yao, talanta, na anamalizia na mataifa yote yamekusanyika mbele yake anawaambia, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Waliuliza lini. Akawapeleka mpaka kwa mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, aliye gerezani, ndo akafunga maongezi hapo. Na siku zile huku Kigoma wageni walikua wameshaanza kushuka kwenye boti.

Sisi watu wazima kidogo tunakumbuka 2015, Warundi walivyokimbia baada ya ile habari ya muhula wa tatu wa rais wao Nkurunziza, makumi elfu wamerundikana Kagunga, kijiji kimebanwa kati ya milima na ziwa, hakuna barabara ya gari, kipindupindu kikaingia kikaua makumi ya watu, na meli ile ya Wajerumani ya tangu 1913, Liemba, ikawa inaenda na kurudi kuwaleta Kigoma, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kisha mabasi mpaka Nyarugusu kule Kasulu, kambi iliyopo tangu 1996. Wapo waliokua wanahubiri unabii siku hizo, na wapo waliokua wanachemsha uji. Wa uji ndo nawakumbuka sura zao.

Kuna habari nyingine nikaileta wiki iliyofuata, Matendo 11, nabii Agabo anasimama Antiokia anasema kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja dunia nzima, na Luka anaandika ilitokea siku za Klaudio. Huo ni unabii wa kweli kabisa kuhusu matukio ya dunia, siyo wa kukisia. Angalia sasa wanafunzi walivyoupokea. Hawakumuuliza Agabo hii ni ishara ya ngapi ya mwisho. Kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa wakachanga, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Neno, mchango, na wa kupeleka, mistari minne tu imeisha. Tulichanga jioni ile ile, dagaa, sabuni, khanga, pesa kidogo, na yule mama wa Uvira ndo tukampa daftari aandike kwa sababu ndiye anajua nani kafika na kafikia kwa nani.

Mimi naamini Yesu anarudi, siku moja na kwa macho haya, sijawahi kuona aibu kulisema hilo, na Ufunuo naisoma kila mwaka yote. Mzee mmoja kwenye kikundi bado hakubaliani na mimi, anaona nawapunguzia watu hofu wanayohitaji ili watubu, na tumebishana naye kwa heshima mara nyingi, ana hoja, Yesu alisema kesheni. Mimi namwambia mzee wangu, mtumwa aliyekutwa anakesha alikutwa anagawa chakula, 24:45. Anacheka, anasema tutaendelea. Sasa hivi tuko Yeremia na wiki ijayo ni sura ya 32, mji umezungukwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe yuko kifungoni, ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 na hati anaitia muhuri mbele ya mashahidi, na mzee ameshaomba yeye ndo aisome.